Taa za nyuma za gari: balbu ya uzi, LED au taa nzima?

Taa ya nyuma ikizimika, mwenye gari ndiye wa mwisho kujua. Habari huletwa na dereva wa nyuma anayepiga honi, au na askari wa barabarani aliyeinua mkono. Baada ya hapo ushauri huwa mwingi. Mmoja atasema weka balbu mpya, yaishe. Mwingine atasema weka LED, usahau mambo ya balbu kuungua. Wa tatu ataangalia ufa kwenye lenzi na kusema nunua taa nzima. Kila mmoja anaweza kuwa sahihi, ila kwa gari tofauti na hitilafu tofauti.

Msimamo wangu nauweka mapema: tibu sehemu ndogo kabisa inayomaliza tatizo, na uchague kwa kufikiria anachokiona mtu aliye nyuma yako barabarani, si unachokiona wewe ukiwa umesimama gereji. Ukienda hivyo, taa nzima huwa jibu mara chache kuliko wauzaji wanavyodai, na LED huwa jibu zuri mahali pamoja na baya mahali pengine.

## Kwanza, kimekufa nini?

Ndani ya boksi lile moja la plastiki kuna taa nyekundu ya usiku inayowaka pamoja na taa za mbele, taa ya breki, indiketa, mara nyingi taa ya rivasi, na reflekta ambayo haina umeme kabisa lakini hung'aa ikimulikwa. Mtu akisema "taa ya nyuma haiwaki" bado hajataja tatizo.

Kipimo rahisi kuliko vyote ni taa ya tatu ya breki, ile ya katikati juu, ambayo Marekani iliilazimisha kwa magari madogo kuanzia modeli za 1986 na leo karibu kila gari dogo linayo. Kanyaga breki huku mtu akiangalia nyuma. Zote tatu zikikataa, usizisumbue balbu, maana ni nadra zife kwa pamoja. Tazama fyuzi, kisha swichi ya breki iliyo juu ya pedali. Swichi hiyo ikifa, magari mengi ya otomatiki hukataa pia kutoka kwenye P (gia ya kuegesha), na hicho ni kidokezo kizuri. Ikiwa ni kinyume chake, yaani taa za breki zimebaki zinawaka hata gari likiwa limeegeshwa, inama uangalie kile kikofia kidogo cha plastiki au mpira kwenye mkono wa pedali, kinachobonyeza swichi. Kikizeeka humeguka na kuanguka kwenye zulia, na kabla ya asubuhi betri imelala.

Taa ya kati ikiwaka na upande mmoja ukakataa, tatizo liko upande huo: balbu, soketi au ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari. Taa ya kati ikiwaka na pande zote mbili zikakataa, mara nyingi balbu mbili zimekufa kwa nyakati tofauti na ile ya kwanza haikugunduliwa. Kwenye baadhi ya magari yaliyotengenezewa soko la Marekani, breki na indiketa hutumia uzi mmoja wa balbu, kwa hiyo huko swichi ya indiketa nayo huingia kwenye orodha ya washukiwa.

Ethi inastahili maelezo zaidi kwa sababu ndiyo inayowafanya watu wanunue taa wasizozihitaji. Dalili zake ni za vituko: unakanyaga breki, indiketa ya upande ule inawaka kwa mbali, unawasha indiketa, taa ya usiku inapepesa nayo, au taa zote za upande mmoja zinawaka hafifu. Kinachotokea ni kwamba umeme umefika kwenye balbu lakini njia yake ya kurudi kwenye bodi imezibwa na kutu au skrubu iliyolegea, hivyo unapita kwenye nyuzi za balbu za jirani kutafuta ethi kwingine. Balbu mpya haitatibu hilo. LED italeta vituko vipya. Hata taa nzima iliyotoka kwenye boksi itawaka hafifu vilevile.

Kupima si kazi kubwa. Washa taa, weka mita kwenye volti, ncha moja ya mita iguse waya wa ethi wa taa na nyingine iguse hasi ya betri. Ukisoma zaidi ya volti 0.2 hivi, fuata waya ule hadi ulipofungwa kwenye bodi, fungua, piga msasa mpaka chuma kionekane, kisha funga upya kwa nguvu. Ikiwa huna mita, unganisha waya wa muda kutoka kwenye ethi ya taa hadi kwenye chuma kisafi cha bodi; taa zikirudi katika hali yake, jibu umelipata.

Taa zilizofungwa kwenye mlango wa buti zina ugonjwa wao wa ziada. Nyaya zake hupinda kila mlango unapofunguliwa, na baada ya miaka hukatika ndani ya ganda, kwenye bawaba, huku nje zikionekana nzima. Taa inayowaka mlango ukiwa wazi na kuzimika ukifungwa, au kinyume chake, inakuambia uanze kutafuta hapo.

## Balbu ya uzi dhidi ya LED

Hapa ndipo mabishano mengi yalipo.

Balbu iliyozoeleka zaidi nyuma ya gari ni P21/5W: kitako cha chuma cha kusukuma na kuzungusha, nyuzi mbili ndani, wati 21 kwa breki na wati 5 kwa taa ya usiku. Kwa kiwango chake, uzi mkubwa hutoa lumeni (kipimo cha mwanga) 440 na ule mdogo 35. Tofauti hiyo ya zaidi ya mara kumi ndiyo inayomwambia mtu wa nyuma kwamba umekanyaga breki. Rangi haimwambii, maana taa ilikuwa nyekundu tangu mwanzo. Kinachomshtua ni mwanga kuruka ghafla. Ikumbuke tofauti hiyo unaposoma boksi la LED linalojisifia lumeni nyingi: LED yenye taa ya usiku kali kupita kiasi huila nafasi ya breki, na gari huonekana kama linafunga breki safari nzima.

Faida ya kwanza ya LED ni ya kweli na sina ubishi nayo. Inawaka papo hapo, wakati uzi lazima kwanza upate moto, jambo linalochukua kama sekunde 0.2. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hukata karibu mita 28 kila sekunde, kwa hiyo dereva wa nyuma anapata takriban mita tano na nusu za ziada. Kwenye barabara kuu hizo zinaweza kuwa tofauti kati ya kushtuka na kugonga.

Faida ya pili ni umeme mdogo. Balbu mbili za breki za wati 21 hula ampea 3.5 kwenye gari la volti 12. LED hutumia wati chache tu. Usitarajie kuona tofauti kwenye mafuta. Faida yake iko kwenye soketi: joto likipungua, plastiki haikauki wala kuyeyuka upesi. Ya tatu, umri, inategemea sana. Chembe ya LED yenyewe huishi muda mrefu, lakini vipuri vidogo vinavyoilisha umeme hufa kwa joto, na ndani ya boksi la plastiki lililofungwa joto halina pa kutokea. LED duni hufa mapema kuliko balbu ya uzi iliyotengenezwa vizuri, au mbaya zaidi, nusu ya chembe zake huzimika na wewe huna habari.

Sasa upande wa pili. Bakuli la kung'aa lililo ndani ya taa limechongwa kwa hesabu ya uzi mmoja mdogo uliokaa mahali maalumu, unaotoa mwanga pande zote. LED ya kubadilisha ina chembe nyingi zilizopangwa ubavuni na kichwani mwa kijiti, na mwanga wake hauanzii pale bakuli linapoutarajia. Matokeo yake taa inaweza kuwa kali mno ukiitazama moja kwa moja, halafu pembeni, pale anapokuwa dereva wa njia ya jirani, ikawa hafifu. Mwenye gari husimama nyuma hatua tatu, huona mwako mkali, huridhika. Si hapo watu watakapoitazamia.

Kosa la rangi ni la kawaida kiasi kwamba sielewi kwa nini bado linauzwa. LED nyeupe hutengeneza weupe wake kwa bluu na manjano, na wekundu wake ni kidogo. Ukiiweka nyuma ya lenzi nyekundu, lenzi hukata karibu kila kitu na kinachobaki ni wekundu uliopauka, kama waridi, tena dhaifu. Nyuma ya lenzi nyekundu weka LED nyekundu. Nyuma ya lenzi ya rangi ya chungwa weka ya chungwa. Nyeupe ni ya rivasi na ya namba ya gari. Angalia tu kama balbu moja inamulika vitu viwili: kwenye baadhi ya magari ya zamani na pikipiki, taa ileile ya usiku ndiyo inayomulika namba kupitia kidirisha cheupe, na LED nyekundu itaifanya namba iwe nyekundu.

Indiketa ni hadithi nyingine. Magari mengi hutambua balbu iliyoungua kwa kupima umeme unaopita. Ukipungua, indiketa hupepesa haraka kukuonya. LED hula umeme mdogo, kwa hiyo gari hudhani balbu imekufa. Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kubadilisha flasha, kile kifaa kinachoipepesa indiketa, kwa ile inayofaa LED, pale ambapo gari lina flasha ya kuchomoa. Ya pili ni kuongeza rezista, mara nyingi ya omu 6, ambayo hula wati 24 au zaidi kazi yake ikiwa ni kugeuza umeme kuwa joto tu. Ukiifunga juu ya plastiki au karibu na kapeti ya buti itayeyusha. Lazima ikae kwenye chuma. Na hapo umefuta faida nzima ya kula umeme kidogo.

Magari yenye kompyuta inayokagua taa huleta usumbufu wa namna yake: onyo kwenye dashibodi, au LED inayometameta kwa mbali hata swichi ikiwa imezimwa, kwa sababu gari hutuma mapigo madogo ya umeme kujaribu kama balbu ipo. Uzi haupati moto wa kutosha kuonyesha mapigo hayo. LED huyaonyesha yote. Zipo LED zilizotengenezwa kudanganya ukaguzi huo, lakini nazo ndani yake zina rezista na hupata moto.

Halafu kuna sheria. Katika nchi nyingi zinazofuata kanuni za magari za Umoja wa Mataifa, taa huidhinishwa pamoja na aina ya balbu iliyotengenezewa, na idhini yake huonekana kama herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoitoa: E1 ni Ujerumani, E4 Uholanzi, E11 Uingereza. Kutia LED ndani ya taa iliyoidhinishwa kwa balbu ya uzi mara nyingi huivunja idhini hiyo, hata kama inang'aa vizuri. Ukaguzi wa gari unaweza kukukwamisha, na baada ya ajali kampuni ya bima inaweza kuuliza maswali. Uliza kanuni za nchi yako kabla ya kununua.

Uamuzi wangu, basi. Kwa indiketa, baki na uzi. Usumbufu wa LED hapo hauna malipo. Kwa rivasi na taa ya namba, LED nyeupe ni chaguo zuri mahali sheria inaporuhusu, na rivasi ndiko utakakoiona tofauti kwa macho yako. Kwa breki na taa ya usiku, balbu ya uzi ya mtengenezaji anayeaminika ndiyo salama kwa gari lililozaliwa nayo, labda upate LED iliyoorodheshwa kwa modeli yako na ikapita jaribio hili: weka LED upande mmoja, uache uzi upande wa pili, nenda nyuma mita 15 hivi, mtu awashe taa ya usiku kisha akanyage breki. Tazama ukiwa katikati, kisha tembea upande wa kushoto na wa kulia mpaka uwe unaitazama taa kwa mshazari. Rudia mchana jua likiwa linapiga lenzi. LED ikizidiwa na uzi kwenye pembe yoyote ile, irudishe. Ikishinda, weka pande zote mbili. Usiendeshe gari lenye uzi upande mmoja na LED mwingine, kwa sababu upande mmoja utawaka kabla ya mwenzake.

## Namba kwenye balbu

Ukichagua uzi, bado unaweza kukosea kwa kuchukua balbu inayofanana kwa macho. P21W ina uzi mmoja na pini mbili zinazotazamana kwa usawa. P21/5W ina pini mbili, moja juu kidogo kuliko nyingine, ili isiingie kinyume. P21/4W inafanana nayo lakini pini zake zimekaa kwingine, na anayeilazimisha huivunja soketi. PY21W ya rangi ya chungwa ina pini zilizosogezwa ili mtu asiichanganye na nyeupe. Balbu ya Marekani ya 1157 inaingia vizuri kwenye soketi ya P21/5W, ila ni ya takriban wati 27 na 8, kwa hiyo ina moto zaidi kwa plastiki iliyochoka. Zile za kitako cha kioo, W21W na W21/5W, huchomekwa tu bila kuzungushwa. Malori mengi ni ya volti 24. Balbu ya volti 12 humo itaungua papo hapo.

Soma namba kwenye balbu ya zamani, lakini thibitisha na kitabu cha gari, maana hujui nani aliifunga kabla yako. Balbu moja ikiungua, badilisha na ya upande wa pili, hasa kama kioo chake kimeanza kuwa cheusi. Zimefanya kazi saa zilezile. Watu wengi huogopa kugusa kioo cha balbu kwa vidole. Kwa halojeni hofu hiyo ni ya haki. P21/5W si halojeni, na mafuta ya kidole hayataiua. Ifute kwa kitambaa, uendelee.

Kabla ya kuchomeka mpya, tazama soketi. Vyuma vyenye ukungu wa kijani au weupe visafishe kwa msasa laini, kisha paka grisi kidogo sana ya vifaa vya umeme. Plastiki iliyogeuka kahawia au kuyeyuka maana yake mguso ulikuwa mbovu na ulipata moto; hapo badilisha soketi pamoja na kipande cha waya wake. Balbu mpya kwenye soketi iliyoungua ni kazi utakayoirudia.

## Lenzi imepasuka: kuziba au kununua?

Lenzi nyingi za nyuma ni za akriliki, tofauti na za mbele ambazo huwa za polikaboneti. Akriliki huvumilia jua vizuri, ndiyo maana taa za nyuma hazigeuki manjano haraka kama za mbele, lakini hupasuka kirahisi ikigongwa. Na ina adui ambaye wengi hawamjui: petroli, tina, asetoni, hata spiriti. Ukifuta lenzi kwa vitu hivyo, nyufa ndogo ndogo kama utando huanza kujitokeza. Sabuni ya kawaida na maji yanatosha.

Mikwaruzo ya juu na ufifio hutibika: msasa wa maji namba 1000, 2000, kisha 3000, halafu polishi. Ufa mwembamba usiopitisha maji unaweza kuzibwa kwa gundi ya akriliki. Tepu nyekundu ya taa ni ya kukufikisha nyumbani au kwa fundi. Ikizoea mvua na jua huachia kona moja na kuingiza maji yale yale iliyokusudiwa kuyazuia. Shimo linaloonyesha balbu ni sababu ya kubadilisha, kwa kuwa kutokea hapo mwanga mweupe unatoka nyuma ya gari lako kana kwamba unarudi kinyumenyume.

Fundi akikuambia ataifungua taa kwa joto la oveni aifunge upya, muulize mara mbili. Taa za mbele nyingi zimebandikwa kwa gundi inayolainika kwa joto. Za nyuma kwa kawaida zimeunganishwa kwa kuyeyusha plastiki kwa plastiki, na haziachii bila kukatwa.

Kuhusu unyevu: ukungu mwepesi ndani ya lenzi baada ya kuosha gari au usiku wa baridi, unaopotea taa zikiwaka kwa muda, si ugonjwa. Taa ina matundu ya kupumulia. Kuyaziba kwa silikoni, kama baadhi wanavyofanya, hufungia maji ndani. Maji yanayotuama chini ya lenzi ndiyo tatizo, na chanzo huwa ufa, kifuniko cha soketi ambacho hakikukaa, au mpira wa nyuma ya taa uliokufa. Mpira huo ukifa, maji hayaishii kwenye taa. Huteremka hadi kwenye buti, chini ya gurudumu la akiba, na kutu huanza kazi yake kimya kimya. Ununue mpira kabla ya kununua taa.

## Taa nzima: ipi kati ya hizi?

| Chaguo | Linafaa lini | Cha kuchunga |
|---|---|---|
| Orijino mpya | Taa ya LED ya kiwandani, gari bado jipya | Upande mmoja mpya huonyesha ufifio wa mwenzake |
| Orijino ya mtumba | Taa ya LED, au modeli isiyo na kopi nzuri | Masikio ya kufungia, nyufa ndogo, modeli kabla au baada ya mabadiliko ya sura |
| Kopi yenye alama ya idhini | Taa ya kawaida ya balbu za uzi | Mpira mwembamba, mwachano na bodi |
| Kopi isiyo na alama | Sioni lini | Kila kitu |

Kwa taa ya balbu za uzi, kopi nzuri yenye alama ya E, au DOT kwa soko la Marekani, hufanya kazi yake. DOT, tofauti na E, ni mtengenezaji mwenyewe anayejithibitishia, kwa hiyo jina lililo kwenye boksi lina uzito zaidi hapo. Jaribu kuifunga bila kuibana kabla ya kutupa vifungashio: ikiacha mwanya na bodi, au skrubu zikilazimika kuivuta ikae, itapasuka kwenye sikio ndani ya muda mfupi.

Kwa taa ya LED ya kiwandani, ambayo haina balbu ya kubadilisha, ningechukua mtumba wa orijino kabla ya kopi mpya isiyo na jina. Ndani yake kuna bodi ya umeme, na LED zake hupangwa kwa mafungu yaliyounganishwa kwa mfululizo, hivyo chembe moja ikifa huzima na wenzake. Fundi wa elektroniki mwenye subira anaweza kuibadilisha chembe hiyo, lakini lazima akate boksi na kulifunga tena lisiingize maji, na hapo ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Kwenye baadhi ya magari taa mpya lazima pia itambulishwe kwa kompyuta. Uliza kabla ya kulipa.

Mtumba una mtego mwingine kwa gari lililotoka nchi nyingine. Taa za soko la Marekani zinaweza kuwa na indiketa nyekundu, wakati kanuni za Umoja wa Mataifa hutaka ya rangi ya chungwa. Taa ya ukungu ya nyuma, pale iliyo moja tu, hukaa upande wa dereva au katikati, kwa hiyo gari la usukani wa kulia na la usukani wa kushoto hazibadilishani taa kama zinavyofanana kwa nje.

Kuhusu lenzi zilizotiwa weusi, au karatasi nyeusi ya kubandika: hiyo ni njia ya kulipia mwanga mdogo. Huipunguza breki mchana, wakati tayari inashindana na jua, na huiua reflekta, ambayo ndiyo inayokulinda gari likiwa limekufa umeme kando ya barabara usiku.

## Wewe mwenyewe au fundi?

Balbu, kusafisha soketi na kubana ethi ni kazi ya mwenye gari yeyote mwenye bisibisi na dakika chache. Taa nzima ya kawaida pia: nati mbili au tatu ndani ya buti, wakati mwingine klipu za plastiki ubavuni zinazotaka kuvutwa moja kwa moja nyuma bila kupindishwa. Mpeleke fundi umeme gari likianza kuunguza fyuzi kila unapoibadilisha, maana hapo kuna waya unaogusa bodi mahali fulani, na fyuzi kubwa zaidi hugeuza waya huo kuwa moto. Mpeleke pia kama nyaya za kuvutia tela zimeunganishwa kwa kusokotwa na tepu; vituko vingi vya taa za nyuma kwenye magari yanayovuta mizigo huanzia hapo.

Kazi yoyote ile utakayofanya, maliza kwa kuiwasha kila taa peke yake na kisha kwa pamoja: usiku, breki, indiketa, rivasi, halafu breki na indiketa kwa mara moja, kwa sababu ethi mbovu hujificha mpaka taa mbili zihitaji njia ileile. Ukiwa peke yako, rudi kinyumenyume karibu na ukuta usiku usome mwanga wake, au simamisha simu nyuma irekodi video. Na kama gari lako lina taa za mchana za mbele, hakikisha swichi ya taa iko kwenye nafasi yake kamili: kwenye magari mengi taa hizo huwaka zenyewe na dashibodi ikang'aa, huku nyuma kukiwa giza tupu.